Mwalimu aendaye ng'ambo asiuache mkataba njia panda

Suala la walimu wetu kwenda kufundisha nchi za nje limejadiliwa sana, na aghalabu mjadala huo huishia pale mwalimu anapopanda ndege. Tunahesabu walioondoka, tunakadiria fedha watakazotuma nyumbani, tunalalama kwamba taifa linapoteza wataalamu wake, kisha tunanyamaza. Uko upande mmoja ambao haujazungumziwa ipasavyo. Mwalimu akiisha kufika huko, akatia sahihi mkataba wa miaka miwili, kisha kabla hata mwaka wa kwanza haujatimia akapata kazi iliyo bora kuliko ile, je, ana haki ya kuondoka? Na kama anayo, aondoke vipi?

Kwetu sisi tunaoishi Kiamunyi hili si swali la nadharia. Sehemu hii iliyo kando ya barabara itokayo Nakuru kuelekea Kabarak na Eldama Ravine ni makao ya walimu wengi. Wapo wanaofundisha shule za sekondari za mjini, wapo wa shule za kibinafsi zilizotapakaa humu humu mtaani, na wapo wahadhiri wa Kabarak na wa Egerton kule Njoro. Ukiuliza nyumba hii ilijengwa kwa fedha gani, au yule kijana wa jirani yu wapi siku hizi, si ajabu kutajiwa Gaborone, Kigali, Juba au Doha. Habari za ng'ambo huingia hapa kila siku pamoja na maziwa ya asubuhi.

Majuzi niliombwa ushauri na familia moja ya hapa. Kijana wao, mwalimu wa Hisabati na Fizikia, aliondoka mwezi wa Agosti kwenda kufundisha shule ya kibinafsi katika Falme za Kiarabu. Mkataba wake ni wa miaka miwili, nao unataka atoe notisi ya miezi miwili akitaka kuacha kazi. Alipokuwa katika mwezi wa saba aliitwa na shule nyingine huko Qatar ili awe mkuu wa idara ya Hisabati, kwa mshahara unaozidi ule wa kwanza kwa nusu yake. Shule hiyo ya pili inamtaka afike baada ya majuma manne. Babake asema aende mara moja, kwa kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mamake asema ahadi ni deni, na wanafunzi wa kijana huyo wana mtihani mwezi wa Mei. Nyumba imegawanyika, na kila upande una hoja.

Kabla ya kumhukumu kijana huyu yafaa tukumbuke walimu wetu walianzaje kwenda nje. Hawakuondoka kwa tamaa tu. Mnamo Novemba 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walianza mgomo wakidai chama chao kisajiliwe, mgomo ambao uliendelea hadi mwaka wa 1994. Chama hicho, UASU, hakikusajiliwa hadi mwaka wa 2003. Katika kipindi hicho kigumu wengi wa wasomi wetu walielekea kusini, hasa Botswana na Afrika Kusini, na walimu wa sekondari wakawafuata. Baadaye milango mingine ilifunguka. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005, ambao sehemu kubwa ya mazungumzo yake yalifanyika Naivasha, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru, Wakenya walimiminika Juba. Na Rwanda ilipoamua mwaka wa 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa shuleni, walimu wa Kenya na Uganda walihitajika huko.

Isitoshe, mwalimu wa Kenya hakujifunzia ng'ambo kwamba mkataba waweza kuvunjwa. Alijifunza hapa nyumbani, na aliyemfundisha ni mwajiri wake mkuu. Mnamo Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, serikali ilikubali baada ya mgomo kuwaongezea walimu mishahara kwa viwango vikubwa, nyongeza hiyo ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizosalia zikakwama, na mwaka uliofuata walimu wakarudi kwenye mgomo. Mnamo Juni 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema hazina haina fedha, shule zikafungwa mwezi wa Septemba, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo. Kisha mwaka wa 2023 maelfu ya wahitimu wa vyuo vikuu walipelekwa katika shule za sekondari msingi wakiitwa wanagenzi, wakafanya kazi kamili ya mwalimu kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ilibidi mahakama iseme mnamo Aprili 2024 kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na walimu hao waandamane barabarani, ndipo wapatao 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Kijana aliyelelewa katika mazingira hayo atawezaje kuuheshimu mkataba? Atauona kuwa karatasi ambayo mwenye nguvu huitii apendapo. Kwa hiyo wale wanaomwita msaliti kila mwalimu anayebadili kazi wanapaswa kwanza kutazama ni nani aliyeanza usaliti.

Pamoja na hayo, kosa la mwajiri mmoja halimpi mtu ruhusa ya kumkosea mwajiri mwingine, seuze kuwakosea watoto ambao hawakuwa na hatia yoyote. Basi tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu.

Kwanza, haki ya kuacha kazi ipo, na hakuna sababu ya kuionea haya. Mfanyakazi si mtumwa. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamruhusu mfanyakazi alipwaye kwa mwezi kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 28. Katika nchi za Ghuba mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa chini ya utaratibu wa kafala mgeni hakuweza kuhama bila idhini ya yule aliyemleta. Lakini hata huko sheria zimelegea. Qatar iliondoa sharti la idhini hiyo mwaka wa 2020, na Oman ikafanya hivyo kuanzia Januari 2021. Sheria mpya ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa kila upande uwezo wa kuuvunja mkataba kwa sababu halali, mradi itolewe notisi isiyopungua siku 30 wala kuzidi siku 90. Maadamu sheria imeweka mlango wa kutokea, anayeupitia hajaiba kitu.

Pili, mlango huo una kizingiti, na walimu wetu wengi hukijua baada ya kujikwaa. Chini ya sheria hiyo hiyo ya Falme za Kiarabu, anayeondoka bila kutumikia notisi humlipa mwenzake fidia iliyo sawa na mshahara wa kipindi hicho. Anayetoweka kazini bila sababu halali aweza kunyimwa kibali kipya cha kazi katika nchi hiyo kwa mwaka mmoja. Na kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, hakimhusu mtu ambaye hajatimiza mwaka mzima. Kijana wetu wa Kiamunyi yumo katika mwezi wa saba. Akiondoka leo bila notisi, hana kiinua mgongo, na juu yake ana deni la mishahara ya miezi miwili. Nyongeza ile ya nusu mshahara aliyoahidiwa Qatar itamchukua miezi minne kulifidia deni hilo, bado hajala wala hajatuma chochote nyumbani. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Na kama ni lazima uutupe, kwanza uhesabu bei ya msala.

Liko jambo jingine lililo katika sheria yetu wenyewe, ambalo ni wachache wanaolifahamu. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo ushuhudiwe na afisa wa kazi. Kabla ya kuushuhudia, afisa huyo hupaswa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa wala kushurutishwa, anayaelewa masharti, ana afya ya kuifanya kazi hiyo, na kwamba hafungwi na mkataba mwingine katika muda huo huo. Tazama sharti la mwisho. Maana yake ni kwamba mwalimu anayeruka kutoka mkataba mmoja hadi mwingine kabla ya kuufunga wa kwanza anaiacha nyuma kinga ambayo nchi yake ingempa. Akipatwa na balaa katika kazi ya pili, karatasi iliyoshuhudiwa ni ile ya kazi aliyoitoroka.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito mkubwa, ualimu haufanani na kazi nyingine. Karani wa benki akiacha kazi Ijumaa, Jumatatu mwingine ataketi kwenye kiti chake na wateja watahudumiwa. Mwalimu wa Hisabati akiondoka mwezi wa Machi, na watahiniwa wake wanafanya mtihani mwezi wa Mei, hakuna mtu awezaye kuketi tu kwenye kiti chake. Yeye ndiye ajuaye ni mada zipi hazijafundishwa, ni mwanafunzi yupi anayejificha nyuma ya darasa kwa kuwa hesabu za sehemu zilimshinda tangu zamani, na ni yupi anayehitaji kusukumwa kidogo tu apande daraja. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote cha kumkabidhi mwenzake. Sisi tunaofundisha hapa Nakuru tunayajua madhara yake, kwa maana tumeyaona katika shule zetu za vijijini kila mwalimu wa sayansi anapopata uhamisho katikati ya muhula. Je, mtoto wa Sharjah au wa Ajman haumii kama anavyoumia mtoto wa Rongai au wa Molo?

Nne, kuna yule ajaye nyuma. Inasemekana walimu zaidi ya laki tatu waliosajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) hawana kazi ya tume hiyo. Wengi wao wanatazamia ng'ambo. Mkuu wa shule aliyeachwa ghafla mara mbili hatasema kwamba mwalimu fulani alimkosea. Atasema Wakenya hawakai. Maneno hayo hayaandikwi popote, wala hayawezi kukatiwa rufani. Kijana aliyehitimu Egerton mwaka huu atatuma barua kumi na asijibiwe hata moja, na hatajua kwamba mlango ulifungwa na mwenziwe aliyeondoka usiku bila kuaga. Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tano, kuna wadhamini, na hawa ni wa hapa hapa mtaani. Walimu wengi huondoka kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo: tikiti ya ndege, ada za vyeti, pesa za kuachia familia. Mkopo huo hudhaminiwa na walimu wenzao. Kijana ninayemzungumzia ana wadhamini wawili, na wote wanafundisha huku kwetu. Yumkini mabadiliko ya kazi yakamwacha miezi miwili au mitatu bila mshahara akisubiri kibali kipya. Wakati huo chama hakitamtafuta Doha. Kitakata akiba na mishahara ya wadhamini Kiamunyi. Kwa hiyo uamuzi anaoufikiria kuwa wake peke yake una watu wengine wawili ndani yake, ambao hawakuulizwa.

Haya yote nimeyasema nikimfikiria mwajiri mwaminifu. Lakini si waajiri wote walio waaminifu, na uadilifu hautaki mtu mmoja afungwe kamba huku mwingine akiwa huru. Kuna shule zinazoahidi nyumba kisha zikamlaza mwalimu na wenzake wanne katika chumba kimoja. Kuna mawakala wanaomwonyesha mwalimu mkataba mmoja Nairobi na kumtilisha sahihi mwingine akifika. Kuna wanaomnyang'anya pasipoti, na wanaomdai gharama za viza na tiketi, ingawa sheria ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Hapo aliyeuvunja mkataba ni mwajiri, na mwalimu anayeondoka anajiokoa. Kadhalika hakuna mtu atakayewalaumu Wakenya waliokimbia Juba vita vilipozuka Desemba 2013, na tena Julai 2016. Uhai hauwekwi rehani kwa ratiba ya masomo. Tunayemjadili hapa ni yule aliyetendewa haki, akalipwa kwa wakati, na anaondoka kwa sababu moja tu: amepata pazuri zaidi.

Mataifa ya Jumuiya ya Madola yalikwisha kulitafakari jambo hili. Visiwa vya Karibi, Jamaika kikiwa mstari wa mbele, viliona walimu wao wakichukuliwa kwa wingi na Uingereza na Marekani mwanzoni mwa karne hii, vikalalamika. Matokeo yake ni Itifaki ya Kuajiri Walimu iliyopitishwa Uingereza mnamo Septemba 2004. Itifaki hiyo inajaribu kusawazisha mambo mawili: haki ya mwalimu kufanya kazi popote duniani, na haki ya nchi atokako kutovurugiwa shule zake. Miongoni mwa mambo inayosisitiza ni kwamba walimu wasichukuliwe katikati ya mwaka wa masomo. Haina nguvu ya sheria, lakini ina busara, na busara hiyo haiwahusu mawaziri peke yao. Ikiwa ni makosa kwa shule ya Ulaya kumchukua mwalimu wa Nakuru katikati ya muhula, basi ni makosa pia kwa shule ya Qatar kumchukua mwalimu huyo huyo kutoka kwa jirani yake katikati ya muhula.

Nini basi kifanyike? Serikali, ambayo siku hizi inahubiri kazi za ng'ambo kama dawa ya ukosefu wa ajira, haina budi kufanya zaidi ya kusindikiza watu uwanja wa ndege. Wizara ya Kazi iulete ushuhuda wa mikataba karibu na wananchi, Nakuru na Eldoret na Kisumu, ili mwalimu asione ni afadhali kuuruka kuliko kufunga safari. Mikataba inayopitia mikono ya serikali ianze na kumalizika pamoja na mwaka wa masomo wa nchi inayohusika, si kwa tarehe ambayo wakala aliiokota. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, ambavyo vimezoea kupigania mishahara ya nyumbani, vianze kuwahesabu wanachama walio nje na kuwapa mahali pa kuuliza. Vyama vya akiba na mikopo navyo vimweleze mdhamini, kabla hajatia sahihi, kwamba mkopaji anakwenda nje na mkataba wake unasema nini.

Na ninyi wanafunzi wa ualimu mlioko Egerton, Kabarak na kwingineko, someni mkataba kama msomavyo swali la mtihani. Ulizeni kipindi cha majaribio ni cha miezi mingapi. Ulizeni notisi ni ya siku ngapi, na inamwangukia nani. Ulizeni mkataba unamalizika mwezi gani, na shule inafunga mwezi gani. Ulizeni nani analipa nauli ya kurudi endapo mtaondoka mapema. Ulizeni kiinua mgongo kinaanza kuhesabiwa lini. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo matano hajawa tayari kusafiri, hata kama viza iko mkononi.

Kuhusu kijana wa jirani, ushauri nilioutoa ni huu. Aiandikie shule ya Qatar kwamba anaikubali nafasi hiyo kwa shukrani, lakini ataanza mwaka mpya wa masomo utakapoanza, kwa kuwa ana watahiniwa mikononi. Shule yenye busara itasubiri, tena itamheshimu zaidi, kwa maana itajua kwamba wanafunzi wake nao hawataachwa jangwani siku mwingine atakapoongeza mshahara. Ikikataa kabisa, basi aipime upya, kwani shule inayomhimiza mwalimu awatupe watoto wa wenzao inajieleza yenyewe. Na akiona bado ni lazima aende, atoe notisi yake kamili ya miezi miwili kwa maandishi, afundishe hadi siku ya mwisho, aandike ni nini kimefundishwa na nini kimebaki, na awaarifu wadhamini wake kabla hawajasikia kwa watu. Babake hakuridhika sana na jibu hilo, kwa kuwa alitaka ndiyo au la.

Lakini ndiyo na la hazitoshi hapa. Haki ya kuondoka ni ya mwalimu, na yeyote anayetaka kumnyima anataka kurudisha utumwa kwa jina jingine. Namna ya kuondoka si yake peke yake. Wana fungu ndani yake watoto waliokaa madawatini wakimsubiri, waliomdhamini wakibaki nyumbani, na wale wahitimu ambao bado wanatafuta mlango wa kuingilia. Tukitaka dunia imlipe mwalimu wa Kenya kama mtaalamu, sharti aondoke kama mtaalamu: mchana, kwa mlango wa mbele, na daftari la darasa akiwa ameliacha mezani limejazwa.